Mstari wa Juu kwenye Mwimo wa Mlango

Sofia, 18 Septemba 1983

Bibi yangu mpenzi,

Nimefika salama na masanduku yote mawili, na kopo la kioo la jamu halikuvunjika. Dereva wa basi aliniuliza mara tatu ninashukia wapi, kwa sababu mara mbili za kwanza hakunisikia.

Chumbani tupo wawili. Mwenzangu anaitwa Snezha, anatoka Vidin, na huongea hata akiwa usingizini, kwa hiyo mimi sihitaji kuongea. Darasani kuna kiunzi cha mifupa ya mtu kilichoning'inizwa kwenye chuma. Wanafunzi wa mwaka wa tatu humwita Ndugu Pencho, na kila anayeingia asubuhi sharti amwamkie. Nami namwamkia, ila kimoyomoyo.

Mwalimu wetu mkuu wa tiba ya viungo ni Ndugu Karaivanova. Ni mfupi kuliko wewe, Bibi, lakini akisema neno ukumbini, wanaopita barabarani hugeuka. Siku ya kwanza alituambia: "Dawa ya daktari imo kwenye chupa. Yenu imo mikononi na kinywani. Mgonjwa anaumwa, anaogopa, hataki. Wewe ndiye utakayemwambia inua, na yeye ainue." Halafu kila mmoja wetu akaamriwa kumwamrisha mwenzake ainue mkono. Zamu yangu ilipofika nilisema. Snezha akaniuliza, "Umesema nini?" Darasa zima likacheka, lakini si kwa ubaya. Nami nilicheka kidogo.

Ninafurahi kuwa hapa. Nilikuwa sijui kwamba bega lina mambo mengi namna ile. Jana nilikaa nikizungusha langu mwenyewe mpaka Snezha akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Nakumbuka asubuhi ile niliyoondoka, uliponisimamisha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Mistari yangu yote ipo pale tangu nilipoletwa kwako nikiwa na miaka miwili. Najua niliinama, nawe uliona. Ulisema, "Simama wima, msichana, dari halikuli." Kisha ukanyoosha mkono juu ya kichwa changu, ukachora, ukaandika 18. Mita moja na sentimita sabini na mbili. Nani mwingine ana bibi mfupi anayeweza kufika huko?

Nisalimie mbuzi. Nisalimie Babu Genko.

Mjukuu wako,
Zlatina


Dryanka, 9 Oktoba 1983

Zlatina mjukuu wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wa kuku. Ni wa Genko jirani. Miwani yangu imevunjika, naye Genko hana kazi, basi mimi nasema na yeye anaandika.

(Mimi Genko kazi ninayo. Nina mizinga ya nyuki kumi na miwili. Ila kubishana na Bibi yako niliacha mwaka 1951.)

Mimi ni mzima. Andika hivyo, Genko, mzima. Plamu tumechuma nusu. Zilizobaki wamekula ndege, na wao pia wana njaa. Yule mbuzi Malina amekula kofia ya tarishi, na tarishi amesema ataandika barua kwa serikali. Nikamwambia aiandike, lakini aipeleke mwenyewe, maana tarishi ni yeye.

Mapumziko ya Novemba usije. Njia ni mbaya na mvua ipo. Kaa usome. Sitaki kusikia umekuja.

Nakutumia rojo ya pilipili hoho kwa dereva wa basi, yule mwenye sharubu. Yule asiye na sharubu hula njiani.

Kula. Vaa soksi.

Bibi yako Mitra,
kwa mkono wa Genko

(Kuna neno moja amenikataza kuandika. Sitaliandika.)


Sofia, 6 Novemba 1983

Bibi mpenzi,

Rojo imefika, na chumba kizima kimeila kwa siku mbili. Snezha alipangusa kopo kwa mkate mpaka likang'aa. Na ile banitsa yako ya jibini iliyokuja wiki iliyopita tuliila baridi, tumesimama, kabla hata hatujavua makoti.

Masomo yanaenda vizuri. Ndugu Karaivanova ananifuatilia kwa karibu sana. Huniita mbele karibu kila siku.

Pole kwa miwani. Natumaini fundi ataitengeneza haraka. Sitakuja, kama ulivyosema.

Zlatina


Sofia, 27 Novemba 1983

Mheshimiwa Babu Genko,

Barua hii ni yako peke yako. Naomba usiisome kwa sauti, na naomba usiisomee uani kwenu, kwa sababu Bibi anaona mpaka huko.

Nataka uniambie ukweli. Bibi ana nini?

Najua si miwani. Miwani ya pili imo kwenye droo ya cherehani, ile ya marehemu babu, naye huona nayo vizuri kuliko kwa ile yake. Na kopo la rojo nililifungua kwa vidole viwili. Tangu nizaliwe, kopo lililofungwa na Bibi halijawahi kufunguka bila kisu na mwanamume. Na ile banitsa, Babu Genko, nisamehe kukisema vibaya chakula. Bibi huunyoosha unga juu ya meza nzima kwa mikono yote miwili mpaka unaweza kusoma gazeti chini yake. Huu ulikuwa mwembamba upande mmoja, na upande wa pili mnene kama kigae.

Mwezi huu tumejifunza kumtazama mgonjwa kabla hajasema kitu. Anavyovaa koti. Mkono upi hauendi kwenye kifungo. Nami nimekaa hapa nikimtazama Bibi kupitia kopo na banitsa, na naona mkono mmoja haufanyi kazi. Nadhani ni wa kulia.

Ili usidhani nakudai ukweli nami naficha wangu, nitakueleza. Nilimwandikia Bibi kwamba mambo ni mazuri. Si mazuri. Ndugu Karaivanova aliniita ofisini akasema: "Mikono yako inajua, msichana. Nimeitazama. Lakini mgonjwa hakusikii, na asiyesikia hasimami. Mwishoni mwa Januari utapewa mgonjwa mmoja wodini. Ukimsimamisha, unabaki nasi. Usipomsimamisha, nitakuombea nafasi maabara. Huko chupa hazingoji kuambiwa." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma.

Sitaki maabara. Nilidhani nataka kazi hii kwa sababu ni nzuri. Sasa naitaka kwa sababu nimeona mzee mmoja akinyoosha kidole ambacho hakikunyooka tangu kiangazi, akakitazama kama mtoto mchanga.

Usimwambie Bibi.

Kwa heshima,
Zlatina


Dryanka, 4 Desemba 1983

Zlatina,

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha nyuki. Humu Bibi yako haingii.

Umepatia. Ni wa kulia. Tarehe ishirini na tano Septemba alipanda ngazi kuchuma plamu. Nilimwambia, Mitra, shuka, nitapanda mimi. Akasema, wewe Genko ukipanda, ngazi italia. Halafu ngazi ikateleza. Mkono ulivunjika juu, karibu na bega. Wakauweka plasta na kuufunga kifuani wiki sita, naye akaniapisha kwa makaburi ya wazazi wangu nisikuandikie, kwa sababu eti ungefunga sanduku ukarudi kukamua mbuzi. Je, usingerudi?

Plasta imetoka. Daktari wa mjini alisema mfupa umeunga vizuri, sasa mkono utembezwe kila siku. Yeye akamjibu, mkono hauna miguu. Ndiyo yakaisha. Anaubana ubavuni kama kuku anayesikia baridi. Nywele anachanwa na mke wangu. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya kabati, anaitazama sahani ya juu. Aliponiona akasema anahesabu vumbi.

Lile neno alilonikataza kuandika lilikuwa "ngazi".

Kuhusu habari yako ya maabara, sitamwambia. Mimi ni kaburi.

Genko


Sofia, 11 Desemba 1983

Bibi mpenzi,

Nina ombi kubwa, na alama zangu zinalitegemea.

Tumepewa kazi ya nyumbani ya miezi mitatu. Kila mwanafunzi atafute mzee mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, amfanyishe mazoezi ya mkono na kuandika anavyoendelea. Nimekuandikisha wewe kwa sababu simjui mwingine aliye mzima kama wewe. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Ndugu Karaivanova kumuuliza kila zoezi na mpaka wake. Nilibisha mlango mara mbili, mara ya pili kwa nguvu.

Tumechagua mkono wa kulia. Asubuhi na jioni ufanye hivi:

Kwanza taulo la moto begani mpaka lipoe. Halafu uiname, uegemee meza kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uuache uning'inie tu, uende mbele na nyuma kama kengele shingoni mwa Malina. Usiubebe. Uache uwe mzito.

Kisha nenda kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, usimame ukiutazama. Weka vidole chini, uvipandishe polepole kama buibui, kidole baada ya kidole, mpaka vikatae. Maumivu ya kuvuta ni sawa. Yakiwa ya kuchoma, rudi chini. Usisimame kwenye vidole vya miguu, na bega lisipande sikioni, huo ni wizi. Penseli huna haja nayo, mistari yangu ipo tayari. Niandikie tu umefika miaka mingapi.

Najua kwa mtu mzima kama wewe litakuwa zoezi la kitoto. Nivumilie kwa ajili ya alama.

Mjukuu wako,
Zlatina


Dryanka, 30 Desemba 1983

Zlatina mjukuu wangu,

Bado ni Genko anayeandika. Fundi wa miwani anakunywa.

Kazi yako ya nyumbani nimeifanya. Siku ya kwanza nilifika miaka mitatu. Ningefika mbali zaidi, lakini paka alipita. Siku ya nne miaka minne. Leo ni mitano na nusu, pale uliponing'ata kwa sababu hukutaka kupimwa. Mwandikie mwalimu wako kwamba mzee aliyechaguliwa ni mzima, ila ana shughuli nyingi.

(Ana jasho, si shughuli. Lakini anafanya. Anamtukana buibui, halafu anafanya.)

Umeandika nini hapo, Genko? Soma. Hiyo siyo niliyosema.

Sasa nikuambie jambo, limenijia tu lenyewe. Mtu akiita mbuzi walioko ng'ambo ya bonde, haiti kwa koo. Koo huchoka, na mbuzi hudharau. Anasimama miguu imeachana, anavuta pumzi mpaka chini ya mkanda wa sketi, na anatoa sauti kama anayemrushia mtu jiwe, bila kuomba. Mbuzi hafuati ombi. Mtoto wangu wewe ulikuwa unawaita "njooni, tafadhali". Malina alikuwa anakaa chini akikuangalia. Nimelikumbuka tu, sina sababu.

(Mimi sikusema kitu. Aliona barua yako ya maabara mfukoni mwangu ikiwa imechomoza. Kilichosomwa ni kile kilichochomoza tu.)

Heri ya mwaka mpya. Kula nguruwe, vaa soksi.

Bibi Mitra


Sofia, 2 Februari 1984

Bibi! Bibi!

Naandika haraka, na Snezha anacheza dansi juu ya kitanda na Ndugu Pencho. Tumemwazima. Nitaeleza kwa mpangilio.

Najua unajua habari ya maabara, kwa sababu Babu Genko si kaburi. Juzi, tarehe thelathini na moja, ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mgonjwa wangu alikuwa Ndugu Asparuh, dereva wa treni mstaafu, miaka sabini na minne. Nyonga ilivunjika, wameishika kwa chuma, na madaktari wameshamruhusu kusimama. Kwa siku kumi na moja alikataa. "Treni ikianguka," anasema, "haisimamishwi na wasichana." Kila asubuhi nilimwambia, "Ndugu Asparuh, tafadhali, tujaribu kusimama." Naye anauliza wodi nzima, "Mmesikia mbu?"

Kila jioni nilipanda kilima cha nyuma ya bweni, nikaachanisha miguu, nikamwita Malina. Mlinzi alidhani nimepotelewa na mbwa. Lakini nikirudi wodini, sauti inabaki kilimani.

Siku ya mtihani ilikuwa pia siku yake ya kuzaliwa. Nikanunua maua mekundu saba. Kwenye tramu mlango ulijifunga juu ya moja, likakatika kichwa, nikalitupa. Niliwaza kuhusu nyonga, Bibi, sikuwaza kuhusu kitu kingine chochote. Nikaingia wodini. Ndugu Karaivanova amekaa kwenye kiti na daftari, na daktari mmoja kando yake. Mhudumu akayapokea maua, akayatia kwenye chombo dirishani. Ndugu Asparuh akaanza kuyatazama, na midomo yake ikawa inahesabu.

"Nne... tano... sita." Akanigeukia. "Sita?"

Ndipo nikaelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha tangu mdogo, shufwa kwa wafu, witiri kwa walio hai. Nilimpelekea mtu maua ya kaburi siku yake ya kuzaliwa.

"Yalikuwa saba," nikasema, "moja lili..."

"Sita! Jamani, mnaona? Huyu hakuja kunisimamisha, amekuja kunizika!"

"Mlango wa tramu..."

"Mbu huyo! Simsikii!"

Mzee wa kitanda cha pili akasema, "Asparuh, usisumbuke, lala tu. Maua umeshapata, bado mishumaa."

Basi Ndugu Asparuh akatupa blanketi. Akakaa. Akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na kusimama, ili ayafikie yale maua.

Vichwa vyote vya wodi vikageuka. Naye akaona wanachokitazama, akajitazama miguu, na uso ukageuka mweupe. Nilikuwa nimeshafika, mikono yangu kiunoni mwake, na nikaona anataka kujiachia kitandani, na kama angejiachia namna ile asingesimama tena. Bibi, sikufikiri. Ilitoka chini ya mkanda wa sketi.

"USIKAE! Shika chuma! Kifua mbele! Uzito kwenye mguu mzima! Pumua!"

Kijiko kilianguka mahali fulani. Ndugu Asparuh akapumua. Daktari naye akapumua, nilimwona.

"Sasa hatua. Moja!"

Akapiga. "Mbili!" Akapiga. Tukafika dirishani. Akachomoa ua moja, akalitupa nje, uani. "Tano," akasema. "Mimi ni mzima." Halafu, akiwa ameniegemea, akauliza kwa sauti ya chini sana, "We mbu, nani amenisimamisha?" Nikamwambia, "Wewe mwenyewe, Ndugu Asparuh." Macho yake yalikuwa na maji, na yangu pia.

Ndugu Karaivanova alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. "Ndugu mwanafunzi. Mbinu hiyo ya maua haimo kitabuni."

"Ndiyo, Ndugu Karaivanova."

"Isirudiwe."

"Ndiyo, Ndugu Karaivanova."

Akafunga daftari. "Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, wodi ya pili. Na uje na sauti hiyo hiyo, sitaki nyingine."

Nimebaki, Bibi! Nimebaki!

Niambie umefika miaka mingapi.

Zlatina


Dryanka, 23 Februari 1984

Zlatina,

Kibandani tena, nyuki wamelala.

Barua yako ya maua niliisoma kwa sauti mara nne. Mara ya tatu tarishi alikuwepo, akacheka mpaka akasahau kofia yake, na Malina akala na hiyo. Bibi yako anaieleza kijiji kizima, na kila akiieleza maua yanabaki sita lakini wodi inakuwa kubwa zaidi.

Ila kuna jambo. Amekwama kwenye miaka kumi na moja. Wiki mbili sasa, hapandi hata upana wa kucha. Juzi alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akasema, "Basi, Genko. Mtoto ameshapata nafasi yake, alama hazihitaji tena. Kumi na moja inatosha kwa bibi kizee." Taulo amelifanya dekio. Mimi nikimwambia kitu ananiambia nikachunge nyuki.

Sikujua nifanye nini, ndiyo naandika.

Genko


Sofia, 1 Machi 1984

Bibi,

INUA.

Nimeiandika kwa herufi kubwa ili uisikie. Kama Babu Genko anakusomea, naomba asimame miguu imeachana na ainue sauti kabla ya kusoma neno hilo.

Najua kuhusu ngazi. Najua tangu Desemba. Usimpige Babu Genko, mimi ndiye niliyemuuliza, na kopo lako la rojo lilikuwa limeshaniambia nusu. Kazi ya nyumbani hakuna. Niliitunga. Ni mara yangu ya kwanza kukudanganya kwa ukurasa mzima, naomba unisamehe. Niliogopa ukijua najua, ungeuficha huo mkono zaidi.

Nawe ulinificha ili nisirudi. Ungeniandikia, ningerudi, ni kweli. Ningekuwa nakamua mbuzi sasa hivi na kukufunga vifungo, na mkono wako ungebaki ubavuni mpaka mwisho, kwa sababu nisingejua la kuufanyia. Kwa hiyo labda ulifanya vyema. Lakini usinifanyie tena.

Sasa sikiliza. Nimemuuliza Ndugu Karaivanova, na safari hii nilibisha mara moja tu. Anasema bega likifika mahali hukaa wiki mbili au tatu, kama treni kwenye stesheni ndogo, na wengi hushuka hapo wakidhani safari imeisha. Haijaisha. Taulo lirudi begani. Kengele ya Malina, asubuhi na jioni. Usitafute miaka kumi na miwili. Fika kumi na moja tu, ukae hapo, uvute pumzi tano, ushuke. Kila siku. Bega litaondoka lenyewe.

Ndugu Asparuh nimemweleza habari zako. Amenituma nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie bibi yako mimi na nyonga ya chuma nimefika chooni peke yangu na kurudi. Yeye anashindwa na mlango wa jikoni?" Nimesema nisiyaandike. Amesema niyaandike.

Ndani ya bahasha kuna uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule wa kuombea afya, nimeusokota mwenyewe. Miaka yote ulinifunga wewe, mwaka huu nakufunga mimi. Uvae mkono wa kulia mpaka mti wa plamu uchanue. Ukichanua, unajua pa kuufunga. Kwenye tawi, na bila ngazi.

Nakupenda. Inua.

Zlatina


Dryanka, 9 Aprili 1984

Zlatina mjukuu wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Umepinda, lakini sijaazima. Genko amekaa hapa, hana la kufanya, anapumua kwa kelele.

Kwanza, nilijua kazi ya nyumbani ni uongo. Mwalimu gani mwenye akili atafute mzee asiye na ugonjwa wowote, katika nchi hii? Lakini nililala nikiwaza, je, kama ni kweli? Je, kama mtoto atanyimwa alama kwa sababu yangu? Basi nikafanya. Uongo wako ulikuwa mzuri. Usiuzoee.

Pili, mwambie huyo dereva wa treni kwamba choo kipo chini na mlango upo juu, kila mtu anaweza kushuka. Mwambie pia kwamba Genko aliposoma lile neno lako kwa sauti, kuku walitoka bandani, na mimi mkono ukainuka kwa hasira kabla sijakumbuka kuwa hauinuki. Nilikuwa namnyooshea kidole Genko. Tukatazamana. Kilikuwa sawa na pua yake, na Genko ni mrefu.

Tangu siku hiyo treni iliondoka. Kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na nne nilipita haraka, mwaka ule ulikuwa na chunusi na kununa. Kwenye kumi na sita nilikaa siku tisa. Nilivuta pumzi tano kama ulivyosema, na nikimaliza nilisema na mlango, wewe ni mti tu, mimi nina mjukuu. Nywele najichana mwenyewe. Ile sahani ya juu nimeishusha, ilikuwa na vumbi kweli.

Mti wa plamu ulichanua Alhamisi. Uzi wako nimeufunga pale ngazi iliponitupa, nikiwa nimesimama chini kwa miguu yangu miwili. Tawi la chini nimewaachia watoto.

Na jana jioni nilikwenda mlangoni, vidole vikapanda, vikapita jikoni kote na utoto wako wote, vikagusa 18. Nikamwita Genko aje aone nisije nikaambiwa naota. Akaja, akavua kofia.

Lakini havikuishia hapo. Vimeupita mstari wako kwa upana wa vidole viwili. Nimeweka nukta ndogo ya penseli. Genko akasema, Mitra, hapo juu pa nini, mtoto ameshaacha kukua. Nikamwambia, huyu asubuhi ile ya kuondoka alikuwa ameinama.

Basi njoo Jumapili ya Pasaka, ya mayai mekundu, nimekutengea, na chini ya unga wa banitsa utasoma gazeti. Penseli nimeichonga. Utasimama mlangoni wima kama ulivyosimama wodini, nami nitakupima kwa mkono wa kulia.

Bibi yako Mitra